Kuitafuta Picha Adimu Ukiwa Tanga: Mwongozo Kamili wa Kuipata, Kuitunza na Kuigawa Bila Kumdhulumu Mtu

Mzee mmoja wa upande wa Korogwe aliingia dukani kwangu Ngamiani na flashi mpya, bado imo kwenye pakiti yake. Akaketi, akasalimia, akauliza hali za watoto, ndipo akasema lililomleta. "Mgosi, marehemu baba alifanya kazi na Wazungu wa senema pale Vugiri, kabla ya vita vya pili. Alikuwa akitusimulia kwamba walimpiga picha. Nitafutie, uniwekee humu."

Nilikuwa nimejaza flashi za watu kwa miaka mingi, na kabla ya flashi nilikodisha kanda. Ombi kama lile sikuwahi kulipata. (Nikisema picha hapa nakusudia filamu, kama tulivyozoea kuita.) Ilinichukua karibu miezi miwili kumpa jibu, na njia niliyopita ndiyo nitakayokuonyesha hapa, pamoja na mambo niliyojifunza kwa wateja wengine. Naandika kwa mtu mwenye simu, kompyuta ya kawaida, bando la kununua na umeme unaokatika.

Hatua ya kwanza: kalamu na daftari kabla ya simu

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuandika kwenye Google jina analolijua yeye. Jina hilo mara nyingi silo. Mjini kwetu, picha za Kihindi zilizooneshwa Majestic na majumba mengine ya senema zilijulikana kwa jina la mchezaji au kwa wimbo. Za ngumi zilijulikana kwa jina la stelingi. Kanda zilizotafsiriwa na marehemu Lufufu zilijulikana kwa sauti yake, na watu walikuja kuomba "ile ya Lufufu ya msituni" bila kujua kama asili yake ni Hong Kong au Marekani.

Kwa hiyo anza kwa kumhoji anayeitafuta, hata kama anayeitafuta ni wewe. Aliiona wapi, jumbani au kwa jirani mwenye deki? Ilikuwa ya rangi? Walizungumza lugha gani? Mwaka usiulize, maana watu hawakumbuki mwaka. Uliza kama alikuwa ameshaolewa, kama mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa, kama nauli ilikuwa bado senti. Kutoka hapo utaupata mwaka mwenyewe, ukikosea kwa miaka 3 au 4, na hiyo inatosha.

Bibi mmoja wa barabara ya 12 alikumbuka kitu kimoja tu, kipande cha wimbo, tena kwa Kihindi cha kubahatisha. Tangu 2020 programu ya Google ya simu ina sehemu ya kutafuta wimbo kwa kuuimba au kuughuna mdomo ukiwa umefumbwa, kwa sekunde 10 hadi 15. Nilimpa simu akaghuna. Mara ya kwanza haikukubali, mara ya tatu ikaleta jina la wimbo wa miaka ya 1950, na jina la wimbo likaleta jina la picha. Kwa picha za Kihindi njia ya wimbo ndiyo fupi kuliko zote, kwa sababu Wahindi wenyewe wameorodhesha nyimbo za senema zao kwa bidii kubwa. Kuna mkusanyo uitwao Hindi Film Geet Kosh, kazi ya Harmandir Singh anayejulikana kama Hamraaz, unaoanzia mwaka 1931, mwaka wa picha yao ya kwanza yenye sauti. Picha hiyo yenyewe, *Alam Ara*, haijulikani ilipo nakala yake hata moja. Nyimbo zimeandikwa kitabuni na picha imepotea.

Hatua ya pili: uliza ni ya nani

Hii ndiyo hatua ninayotaka uishike kuliko zote. Watu huuliza "iko wapi?" Mimi nakuambia uanze na "ni ya nani?" Nani aliitengeneza, kwa pesa ya nani, na nani aliirithi? Swali hili linafanya kazi mbili kwa mpigo. Jina la mwenye mali ndilo neno la kutafutia linalofika mbali zaidi, na jina hilohilo ndilo litakalokuambia baadaye kama una haki ya kuichukua.

Angalia nilivyokwama na mzee wa Korogwe. Kwa wiki nzima niliandika "senema ya zamani Vugiri", "filamu Usambara 1930", na kila aina ya maneno. Nikaletewa hoteli na video za watalii. Nilipogeuza swali nikatafuta ni nani aliyeleta senema Vugiri, mlango ukafunguka. Ulikuwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kati ya 1935 na 1937. Pesa ilitoka Carnegie Corporation ya New York, ukiwa chini ya International Missionary Council, baraza la kimataifa la wamisionari, na waliouendesha ni Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Makao yao yalikuwa Vugiri, huku kwetu. Walitengeneza picha 35 za mafunzo, za afya, kilimo, kodi na benki ya posta, wakazizungusha Afrika Mashariki na hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Picha zilikuwa za milimita 16, na sauti ilikuwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, ili picha moja iweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule.

Kati ya hizo 35, zinazojulikana kusalimika ni 3. Moja ya safura, moja ya mafunzo ya mifugo, moja ya mashamba ya wakulima Kingolwira, Morogoro.

Nilikaa kimya pale dukani. Kazi ya miaka miwili ya watu wa milimani kwetu, na kilichobaki hakijazi hata CD moja. Na msidhani ni sisi tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani ulikuta kwamba katika picha ndefu zisizo na sauti karibu 11,000 za nchi hiyo, zilizosalia katika umbo lake la asili ni asilimia 14.

Kwa picha za Kitanzania swali la mwenyewe lina sura nyingine. *Arusi ya Mariamu* ya 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na *Maangamizi* ya 2001, ya Martin Mhando na huyohuyo Mulvihill, zina kampuni inayojulikana, Gris-Gris Films. Ukiandika jina la kampuni utafika kwa mtu wa kumwandikia. Bongo Movie za miaka ya 2000 ni ngumu zaidi, maana watengenezaji wengi waliuza kazi jumla kwa msambazaji, haki zote zikaenda naye. Aliyeicheza picha yupo mtaani, unaweza kumsalimia, lakini kwenye karatasi si yake tena. Hapo itakubidi uulize wawili, na usichoke.

Hatua ya tatu: pa kwenda kutafuta

Sasa una majina. Weka jina la picha ndani ya alama za kunukuu ili Google ilichukue zima, ongeza jina la mwongozaji au mwaka, na ondoa takataka kwa alama ya kutoa: mwisho wa maneno yako andika -trailer au -hotel, bila nafasi baada ya alama. Jaribu jina la picha katika lugha zote zilizolibeba. Picha ya Kifaransa ya Afrika Magharibi inaweza kuwa na majina matatu.

Kituo changu cha kwanza ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Humo mna mkusanyo wa Rick Prelinger wa picha za matangazo, mafunzo na viwanda, na ni halali kuchukua. Ukiwa ndani, chuja kwa aina, mwaka na lugha, maana sanduku la kutafutia pekee litakuchosha. Lakini sikiliza: picha kuwepo Internet Archive si ushahidi kwamba ni ya bure. Mtu yeyote anaweza kupandisha kitu pale. Soma sehemu ya haki iliyo chini ya picha, na kama haina kitu, rudi hatua ya pili.

Kwa picha za ukoloni nenda colonialfilm.org.uk. Ni orodha ya picha zaidi ya 6,000 za dola ya Uingereza, na zaidi ya 150 kati yake unaweza kuzitazama palepale. Hata isiyotazamika ina ukurasa wa maelezo, na maelezo hayo ni hazina. Utaona baadaye yalivyonisaidia. British Pathé nao waliweka picha zao za habari, 85,000, kwenye YouTube mwaka 2014. Tafuta "Tanganyika" humo, ukae na kahawa.

Kwa picha kubwa za Afrika, mwaka 2017 wakfu wa Martin Scorsese, The Film Foundation, ulianza pamoja na shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika na UNESCO mradi wa kurejesha picha 50 za bara hili. *Soleil Ô* ya Med Hondo na *Sambizanga* ya Sarah Maldoror ni miongoni mwa zilizorudishwa. Wakfu huo pia ulifungua mwaka 2022 chumba cha mtandaoni cha kuonesha picha zilizokarabatiwa bila malipo, kwa muda maalumu.

Kabla hujaichukua kwa mtu wa pembeni, angalia kama mwenyewe ameshaitoa. *Siri ya Mtungi*, tamthilia iliyopigwa Bagamoyo na kuanza kurushwa 2012, watu wamekuwa wakinunua kwa shilingi kwenye flashi ilhali watengenezaji wenyewe waliiweka YouTube.

Ukiona picha ipo lakini inakataa kufunguka kwa sababu uko Tanzania, usikimbilie hila. Andika barua pepe kwa hifadhi yenyewe, yaani taasisi inayoitunza picha hiyo. Barua fupi: jina la picha, mwaka, namba yake kwenye orodha yao, wewe ni nani, uko wapi, kwa nini picha hii inahusu mji wako. Usiombe "mnitumie filamu". Omba kiungo cha kutazama kwa ajili ya utafiti, au picha chache za mnato, na uulize anayeshika haki ni nani. Watunza hifadhi ni watu wanaoipenda kazi yao. Mimi nimejibiwa zaidi ya nilivyotarajia, ingawa wakati mwingine baada ya wiki 6.

Hatua ya nne: kushusha bila kuua bando

Kwanza jua uzito. Picha ya saa moja na nusu ya ubora wa kawaida ni kama MB 700, ndiyo maana zamani ilienea kwenye CD moja. Ya ubora wa juu huanzia GB 1.5 na kupanda. Picha ya mwaka 1936 iliyochanika haihitaji GB 4. Chukua faili la wastani. Lakini kama unaichukua kwa nia ya kuitunza, chukua lile lililoandikwa kuwa ni la asili, hata kama itabidi ungoje bando la usiku.

Faili kubwa lisishushwe kwa kivinjari cha simu. Umeme ukikatika kwenye asilimia 90 utaanza upya. Tumia torenti. Najua neno hilo linanuka wizi kwa wengi, na nataka nilisafishe. Torenti ni njia tu ya kusafirisha, aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001. Fikiria darasa lenye kitabu kimoja. Mwalimu anakigawa kurasa, kila mwanafunzi ananakili ukurasa wake, kisha wanaazimana mpaka kila mmoja ana kitabu kizima. Hakuna anayemngoja mwalimu. Ukikatikiwa na umeme, ukirudi unaendelea na kurasa zilizobaki. Internet Archive yenyewe hutoa torenti kwa vitu vyake vingi. Utaona neno hilo kwenye orodha ya namna za kupakua.

Kwenye kompyuta weka qBittorrent, kwenye Android weka LibreTorrent. Zote mbili ni za bure. Fungua mipangilio, kisha weka kikomo cha kasi ya kupandisha. Hili ni muhimu kwa bando letu, kwa sababu unaposhusha unagawa pia, na kugawa kunakula GB kama kushusha. Lakini usizime kugawa kabisa. Picha adimu mara nyingi ina watu 2 tu duniani wanaoigawa, na kila mmoja akichukua na kuondoka itakufa. Utaratibu wangu ni kugawa angalau kiasi kilekile nilichochukua, nikiwa mahali penye mtandao usiohesabiwa.

Jambo dogo linaloharibu kazi za wengi: flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. Utaambiwa nafasi haitoshi wakati flashi ni tupu. Ifomati kwa exFAT, tatizo limekwisha.

Hatua ya tano: hakikisha ulichoshusha

Faili la picha huishia na mp4, mkv, avi au mpg. Likiishia na exe au apk, lifute, usilifungue hata kwa udadisi. Kwenye Windows washa uonyeshaji wa viishio vya majina, kwa sababu virusi hupenda kujiita "picha.mp4.exe" na sehemu ya mwisho ikafichwa. Ukiambiwa upakue "kichezeshi maalumu" ili picha ifunguke, ondoka. VLC, kichezeshi cha bure, inafungua karibu kila kitu.

Maandishi ya chini yakitangulia au kuchelewa, kwenye VLC ya kompyuta bonyeza G au H mpaka yakae sawa. Na kama una moyo, tafsiri maandishi hayo kwa Kiswahili. Faili la maandishi ya chini, linaloishia na srt, ni maandishi matupu, linafunguka kwa Notepad. Unapolihifadhi, kwenye aina ya usimbaji wa herufi (encoding) chagua UTF-8 tu.

Hatua ya sita: yupi wa kulipwa, ipi ya kugawa

Nimekwambia nilijaza flashi kwa miaka. Kijana mmoja wa mjini hapa alitengeneza filamu yake kwa mkopo. Siku moja aliingia dukani, akatazama orodha kwenye kompyuta yangu, akaliona jina la filamu yake. Hakugomba. Akatoa flashi, akaniambia, "Kaka, niwekee hiyo," akalipa sawa na mteja mwingine yeyote, akaondoka. Nilifunga duka mapema siku ile. Kesho yake nilifuta kila kazi ya Kitanzania ambayo sikuwa na ruhusa nayo, na mapato yalishuka kweli. Sijarudi nyuma.

Sheria yetu iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda picha kwa miaka 50 tangu itengenezwe au itolewe kwa umma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa pia uvunjaji wa haki hizo mtandaoni. Na kuonesha picha kwa umma, hata kwenye banda la mabenchi manne, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Miaka inatofautiana kwa nchi: India ni 60, Marekani ni 95 kwa picha nyingi za zamani. Kwa hiyo picha ya Kihindi ya 1951 kama *Awara* muda wake kama picha umekwisha kwao na kwetu, lakini utunzi wa nyimbo zake huhesabiwa kwa uhai wa mtunzi na miaka mingine juu yake, na hapo bado. Ukiipandisha kwenye seva ya Marekani, hesabu ya Marekani inaingia. Zipo pia picha zilizoangukia mikononi mwa umma kwa uzembe. *Night of the Living Dead* ya 1968 ilibadilishwa jina dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki likaachwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule haki ikapotea palepale.

Sasa mizani yangu. Mwenye mali akijulikana na picha inauzwa, nunua. Ughali wake haunipi haki. Changishaneni watu watano, au ngojeni. Mwenye mali akijulikana lakini haiuzi, mwandikie. Barua yangu isiyojibiwa sheria haiitambui kama ruhusa, nami sijidanganyi kwamba inaitambua, kwa hiyo picha ya namna hiyo siiuzi, siigawi, siipandishi popote.

Picha ambayo mwenyewe hajulikani kabisa, kampuni imekufa, majina hayapo, hiyo ndiyo yatima. Yatima hulelewa. Itunze, andika ulikoipata, usichukue hata shilingi, na mwenyewe akitokea mpe yake pamoja na nakala safi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila nakala ni wizi. *Nosferatu*, picha ya Mjerumani Murnau ya 1922, ilichukuliwa kutoka kitabu cha *Dracula* bila ruhusa ya mjane wa mwandishi wake, Bram Stoker, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziteketezwe. Mama yule alikuwa na haki yake, alidhulumiwa kweli. Lakini kama amri ingetimia kila mahali, tusingekuwa nayo leo. Iliokolewa na nakala zilizokwisha kusambaa. BBC nao walifuta kanda zao za tamthilia ya *Doctor Who*, na mwaka 2013 vipindi 9 vilivyodhaniwa vimepotea vilitangazwa kupatikana kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Chumba cha stoo cha Waafrika kilitunza kilichotupwa London.

Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mtu akikuambia ni rahisi hajakaa dukani.

Kuna haki nyingine ambayo haimo kwenye sheria hizo. Aliyepigwa picha naye ana lake. Katika picha za kikoloni utawaona wagonjwa, watu wamevuliwa nguo, watoto wenye matumbo ya safura, na hakuna aliyewauliza. Karatasi za umiliki ziko ng'ambo, sura ni za babu zetu. Mimi picha za namna hiyo sizitupi kwenye makundi ya WhatsApp. Nawaonesha wanaohusika, ana kwa ana, nikiwa nimeshawaambia watakachokiona.

Hatua ya saba: kanda zilizo chini ya kitanda

Picha adimu kuliko zote haiko mtandaoni. Iko Chumbageni, ndani ya sanduku, pamoja na kanga za marehemu. Kanda za VHS haziishi milele, na hewa yetu ya pwani inaziotesha ukungu. Fungua kidirisha cha kanda mwangani uangalie: ukiona unga mweupe pembeni ya mkanda, usiitie kwenye deki. Ukungu utahamia kwenye kichwa cha deki na kutoka hapo kwenye kila kanda itakayofuata. Itenge kwanza, itafutie fundi wa kuisafisha.

Iliyo safi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote, ili mkanda ulegee na kujipanga upya. Unganisha deki na kompyuta kwa kifaa cha kunasa video cha USB, chagua PAL, mfumo tuliokuwa tukiutumia Tanzania, ukubwa wa 720 kwa 576. Kisha iache icheze mara moja tu, bila kuigusa. Kanda dhaifu inaweza isikubali mara ya pili. Jina la faili liwe na mwaka, mahali na kilichomo. Tengeneza nakala 3, mbili kwenye vifaa tofauti, ya tatu kwenye nyumba nyingine.

Na kabla hujapandisha chochote, kaa na wenye kanda. Kanda nyingi za harusi zina sehemu ya wanawake peke yao, bila buibui, wakicheza kwa sababu waliambiwa wanaume hawataiona. Ahadi ile haijaisha kwa kuwa miaka 25 imepita. Kwa kanda hizo, kazi yangu naifanya na binti yangu akiwa ameshika kompyuta, mimi nikiwa nje nikiunganisha nyaya tu. Faili linakwenda kwa mama mwenye kanda, na kwangu halibaki.

Mzee wa Korogwe alirudi nilipomwita. Nilimweleza habari za zile 35 na zile 3. Kisha nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, maelezo ya picha yaliyo kwenye orodha ya picha za ukoloni. Akaniuliza kama jina la baba yake limo. Sikuliona, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaanza kunisimulia yeye: mashine ilivyopandishwa milimani, baba yake alivyoambiwa atembee, arudi, atembee tena. Nikamwomba ruhusa, nikaweka simu mezani ikirekodi.

Flashi yake alitoka nayo ikiwa na dakika 41 za sauti yake mwenyewe, pamoja na karatasi ya majina ya zile picha 3. Nakala ya pili iko kwa mwanawe, ya tatu kwangu. Wiki iliyofuata niliiandikia hifadhi ya Uingereza barua, nikiwaambia kuna mtu huku anayejua kilichokuwa nyuma ya kamera.